Jinsi ya Kutengeneza Meme Itakayorushwa Grupu hadi Grupu

Maswali ni yale yale kila wiki. "Kaka, meme zangu mbona hazitembei?" "Unatumia app gani?" "Nipost saa ngapi?" Kujibu mmoja mmoja kwa vipande kumenichosha, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Soma, kisha ushike simu ufanye.

Kabla ya hatua yoyote, elewa hili kwanza. Watu hawarushi meme (picha au klipu ya utani yenye maneno machache) kwa sababu wewe ni mchekeshaji. Wanairusha kwa sababu inasema kitu walichokuwa wanataka kumwambia mtu fulani wakakosa namna. Dada anayemrushia shosti yake meme ya mwanaume anayejibu "poa" baada ya saa kumi hana habari na wewe. Anaongea na shosti yake, wewe umemkopesha mdomo tu. Mama zetu wa Pwani waliujua mchezo huu kitambo: kanga inanunuliwa kwa jina lake, inavaliwa ipite mbele ya jirani, na jirani anajua kaambiwa yeye. Meme ni kanga ya kwenye simu. Ukiitengeneza bila kujua jirani ni nani, umeuza kitambaa kitupu.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yoyote inayoshika picha vizuri. Kompyuta si lazima.
- App moja ya kuhariri picha (Canva au PicsArt zinatosha) na moja ya video (CapCut au InShot). Chagua uizoee. Kuhamahama app kila wiki ni kupoteza bando.
- Folda ya picha na klipu, ukiipanga kwa hisia: mshangao, dharau, aibu, furaha ya kinafiki. Ukipanga kwa majina ya watu hutapata kitu siku unayokihitaji.
- Sehemu ya kuandikia mawazo ndani ya simu. Wazo la meme halikai kichwani hadi jioni.
- Grupu dogo la majaribio, watu watano hadi kumi, wasiwe wote marafiki zako wa karibu. Awemo hata mmoja wa umri wa mama yako.

Hatua ya 1: Jaza sentensi hii

Kabla ya kufungua app, andika: "______ atamrushia ______ kwa sababu ______."

Mfano: "Mweka hazina wa kamati ya harusi atamrushia mjumbe aliyeahidi laki moja kwa sababu anaona aibu kumdai moja kwa moja." Hapo una meme. Ukiandika "watu watairushia watu kwa sababu inachekesha," bado huna kitu. Rudi ukafikiri.

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila anayeanza, na ndiyo inayoamua mambo. Siku hizi hata mitandao yenyewe inaipa uzito. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, amesema waziwazi kwamba posti kutumwa kwa DM (ujumbe wa faragha) ni miongoni mwa ishara kubwa wanazoangalia, hasa wanapoamua kuipeleka kwa watu wasiokufuata. Like ni ishara ya heshima. Kurushiana ndiko kunakosafirisha.

Hatua ya 2: Tafuta jambo la wengi ambalo kila mmoja anadhani ni lake peke yake

Hapa ndipo penye utajiri, usiharakishe. Jambo zuri la meme linamtoa mtu hii kauli: "Kumbe si mimi tu!" Usilitafute kwenye meme za wengine, litafute kwenye maisha:

- Mtu aliyekaa kimya mwaka mzima anaibuka na "Habari za siku nyingi ndugu yangu," na wewe unajua kadi ya mchango iko nyuma ya mlango.
- "Nipo njiani," huku nyuma yake unasikia maji ya kuoga.
- Mita ya umeme ya LUKU inapoanza kulia usiku kwa kuishiwa wakati kila mtu ndani ya nyumba anajifanya kalala.
- Soda ya mgeni: wewe mtoto wa nyumba umetumwa kuinunua, umeibeba, umeifungua, na huionji.
- Mwisho wa Januari, ada imelipwa, mshahara bado, na kuna mtu anakuuliza weekend uko wapi.

Ona kwamba hakuna hata moja hapo ya kuhitaji maelezo. Jambo likihitaji maelezo, liache liwe stori ya kijiweni.

Kidogo tu kuhusu hisia, halafu nadharia basi. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Jonah Berger na Katherine Milkman, walichapisha utafiti wa makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times, wakitazama zipi zinatumwa sana kwa barua pepe. Zilizoamsha mtu, kwa mshangao, hasira au wasiwasi, zilitumwa zaidi. Zilizomhuzunisha tu zilitumwa kidogo. Meme nazo ndivyo zilivyo. Ukimfanya mtu asikitike anaweka simu chini. Ukimfanya aruke kwenye kiti anatafuta wa kumwonyesha.

Hatua ya 3: Chagua picha yenye nafasi ya mtu mwingine kuingia

Picha nzuri ya meme ina pengo ambalo watu wengine watalijaza kwa mambo yao. Angalia zilizodumu. Ile ya kijana anayegeuka kumtazama msichana anayepita huku mpenzi wake kakasirika ilipigwa na Mhispania Antonio Guillem kama picha ya kuuza kwa matangazo, ikalipuka mwaka 2017. Ina nafasi tatu tayari: ninachopaswa kukifanya, mimi, na kinachonivuta. Hata kipofu wa app anaweza kuibandika maneno matatu. Yule jamaa anayegusa panja kwa kidole kama aliyegundua siri ni mwigizaji wa Uingereza, Kayode Ewumi, katika kipindi cha mwaka 2016, na nafasi yake ni moja tu: ushauri wa kijinga unaosikika wa akili. Nyuso za Aki na Pawpaw wa Nigeria, yaani Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, zimetoka kwenye filamu za miaka ya 2000 na bado zinazunguka dunia hadi kwa watu ambao hawajawahi kuona filamu yoyote ya Nollywood, kwa sababu jicho la dharau halihitaji mkalimani.

Za kwetu zina somo kubwa zaidi. Agosti 8, 2017, siku ya uchaguzi Kenya, mtu mmoja alipigwa picha kwenye foleni ya kura akila githeri (mahindi na maharage) kutoka mfuko wa plastiki, hana habari na mtu. (Wiki tatu baadaye Kenya ikapiga marufuku mifuko hiyo, kwa hiyo picha ile hairudiwi.) Wakenya wakamkata kwenye picha wakamweka kila mahali, na githeri yake mkononi. Kwa nini yeye? Kwanza, alikatika kirahisi: mtu mmoja, kasimama, anafanya kitu kimoja. Pili, nchi nzima ilikuwa na presha, naye katulia na chakula chake. Kila mtu alitamani utulivu ule, wa chama chochote.

Wakati mwingine pengo liko kwenye maneno. Makmende, shujaa wa kubuni kwenye video ya kundi la muziki la Just a Band la Nairobi ya mwaka 2010, alienea kwa sababu mtu yeyote angeweza kutunga sentensi yake ya "Makmende alifanya..." Novemba 2015, Rais Magufuli alipokuwa ameanza kubana matumizi, ikaja #WhatWouldMagufuliDo. Muundo ulikuwa mwepesi: nilitaka kununua kitu fulani, nikajiuliza Magufuli angefanya nini, kisha picha ya mbadala wa bei chee. Aliyekuwa na simu na kitu kilichochakaa nyumbani aliweza kushiriki. Hukuhitaji ruhusa wala kipaji.

Kwa hiyo jiulize: mtu akiona meme yangu, anaweza kutengeneza ya kwake ndani ya dakika mbili? Kama jibu ni ndiyo, uko pazuri.

Onyo: Usitumie picha ya mtu wa kawaida uliyemkuta kwenye daladala, sokoni au kwenye stata (status) ya mtu. Yule hakuomba umaarufu, na meme ikishatoka huwezi kuirudisha. Watoto usiwaguse kabisa. Kama unataka sura, piga yako, au muombe rafiki akubali kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake.

Hatua ya 4: Andika, kisha kata

Andika kama unavyoongea, halafu kata nusu. Kisha kata tena. Hii ndiyo rasimu ya kawaida ya anayeanza:

"Ile hali ambayo unampigia fundi simu kumuuliza nguo yako ya sikukuu imefikia wapi halafu anakwambia imebaki vifungo tu kumbe hata kitambaa chenyewe bado hajakikata."

Na hii ni baada ya kukata:

"Fundi: Imebaki vifungo tu.
Kitambaa:"

Chini yake weka picha ya kitambaa kikiwa bado kwenye mfuko wa dukani. Basi. Picha ndiyo inayomalizia, na msomaji ndiye anayecheka kwa kujiunganishia mwenyewe. Ukimmalizia kila kitu umemnyima kazi yake.

Mambo ya kuangalia kwenye maneno:

- Neno la kuchekesha liwe la mwisho. "Mama kaniita kwa majina yote matatu" inafanya kazi. "Majina yote matatu ndiyo mama kaniita nayo" imekufa.
- Usiandike "hahaha" wala emoji tano za kicheko. Ni kujichekea mwenyewe.
- Tumia jina halisi la kitu. Sema "konda", "kausha damu", "VICOBA". Ukiandika "mtoa huduma wa usafiri" umeshahama mtaani.
- Chagua lugha ukijua itafika wapi. Sheng nzito itatikisa Nairobi na kuishia Namanga. Misemo ya Bongo inavuka zaidi kwa sababu ya muziki, lakini nayo kuna mahali inakwama. Kiswahili chepesi kitafika Mombasa, Goma na Bujumbura, mpaka kwa shangazi aliye Muscat kwenye grupu la ukoo. Hakuna iliyo bora, ila usishangae baadaye.

Hatua ya 5: Itengeneze isomeke kwenye kioo kilichopasuka

Hatua fupi. Ukubwa: pikseli 1080 kwa 1350 kwa Instagram, 1080 kwa 1920 kwa TikTok na stata, na kwa stika ya WhatsApp 512 kwa 512. Herufi nene, nyeupe yenye ukingo mweusi au nyeusi juu ya nyeupe. Maneno yasikae pembezoni kabisa, maana app hukata. Rudi nyuma hatua mbili ukiwa umeshika simu: husomi? Ongeza herufi.

Jina la ukurasa wako liweke dogo, ndani ya picha, karibu na kitu ambacho mtu hawezi kukikata bila kuharibu meme. Jina kubwa katikati linaifanya meme ionekane tangazo, na watu hawarushiani matangazo.

Kwa video, kichekesho kianze sekunde ya kwanza. Salamu, intro na nembo inayozunguka vinawapa watu muda wa kukutelezesha juu.

Hatua ya 6: Ijaribu kwenye grupu dogo

Iweke bila kusema ni yako. Usiulize "mnaionaje?" kwa sababu watakusifia. Tazama wanachofanya:

- Wakijibu "😂" peke yake: ya kawaida.
- Mmoja akiandika "huyu ni Juma kabisa": ina nguvu.
- Wakianza kutupiana ("we si ndo ulisema hivi jana?"): post.
- Mtu akiuliza "maana yake?": rudi hatua ya 4.
- Siku mbili baadaye ikikurudia kutoka grupu lingine ambalo hukuipeleka: hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote.

Hatua ya 7: Iachie, kwa njia zaidi ya moja

Kuhusu saa ya kupost, hakuna saa ya uchawi. Mchana wa chakula na jioni watu wakiwa kwenye foleni za usafiri kwa kawaida ni pazuri. Cha maana zaidi ni siku. Meme ya mshahara tarehe 27 inaishi, tarehe 5 inakufa. Kwa Simba na Yanga tengeneza tatu kabla ya mechi: tumeshinda, tumefungwa, sare. Filimbi ya mwisho ikipigwa uwe wa kwanza, maana ndani ya nusu saa kila mtu atakuwa na yake.

Kwetu huku injini kubwa haionekani hadharani, ni WhatsApp. Weka kwenye stata, na mtu akijibu "nirushie" mrushie papo hapo, maana huyo anakwenda kuisambaza. Jua pia kwamba tangu Aprili 2020 WhatsApp imeweka breki: ujumbe ukishapita mikono mitano au zaidi, unaweza kupelekwa kwenye chati moja tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana meme fupi ambayo mtu yuko tayari kuihifadhi na kuipakia upya inasafiri mbali kuliko ile inayotegemea kufowadiwa.

Onyo: Usitunge meme inayofanana na habari ya kweli: tangazo feki la wizara, barua feki ya serikali, nukuu ya kubuni ya mtu mwenye cheo. Ikishatoka kwako na kapsheni ikakatwa, itasomwa kama habari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zilitungwa zikiwa na adhabu kwa anayechapisha taarifa za uongo, na "nilikuwa natania" si kinga ya kutegemea. Utani wa kabila nao unachekesha ndani ya watani tu. Ukitoka nje ya kundi lile, hakuna anayejua kwamba nyie ni watani.

Hatua ya 8: Saa za mwanzo kaa nayo

Jibu komenti, na jibu kwa utani, usijibu "asante sana". Twitter walipoweka wazi sehemu ya programu yao ya kupanga posti mwezi Machi 2023, ilionekana kwamba jibu lina uzito mkubwa kuliko like, na jibu ambalo mwenye posti amelijibu lina uzito mkubwa zaidi. Mtu akitengeneza toleo lake, lishee. Usimkaripie kwamba kakuibia. Matoleo ya wengine ndiyo meme yenyewe inavyoishi.

Ikigoma: matatizo na dawa zake

*Like nyingi, hakuna anayerusha.* Umetengeneza kitu kizuri kisichomlenga mtu. Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1. Mara nyingi kubadili "watu wengine bana" kuwa "yule rafiki yako ambaye..." kunatosha.

*Komenti zimegeuka ugomvi.* Angalia wanagombania nini. Kama ni wali wa nazi dhidi ya wali wa mafuta, wacha wagombane, uko kwenye neema. Kama ni dini, kabila au msiba wa mtu, futa. Usisubiri kuona itaishaje.

*Kenya imepaa, Bongo imelala (au kinyume chake).* Kuna neno moja limekwamisha. Badilisha matatu iwe daladala, stima iwe umeme, na picha ikiwezekana. Itoe kama mpya.

*Picha inafika kwa watu ikiwa na ukungu.* WhatsApp hubana picha, na kila anayepiga skrinishoti anaipunguza zaidi. Tuma kwa HD, na weka nakala safi mahali pa wazi ambapo anayeitaka ataipakua.

*Ya kwanza ilipaa, zilizofuata kimya.* Kawaida. Ila angalia kama unairudia ile ile kwa picha tofauti. Iliyopaa ina maisha ya wiki moja hivi ya matoleo. Toa mawili au matatu upesi, kisha uiache hata kama bado unaipenda.

*Kila mtu kaiona, hakuna anayejua ni yangu.* Hili ndilo linalowauma wengi, na sina dawa kamili. Jina dogo ndani ya picha linasaidia kiasi. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na kitu cha kudumu: mhusika mmoja, fonti moja, namna moja ya kuanza sentensi, kiasi kwamba hata jina likikatwa watu wanasema "hii ni ya yule jamaa wa fundi cherehani". Na ukurasa mkubwa ukiichukua, usiende na matusi. Andika komenti ya utani pale chini, weka toleo la pili kwako siku hiyo hiyo. Wanaosoma komenti watakufuata huko.